Upande wa Kukataa

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Chuo kimefunguliwa. Ni jengo la Remera lililokuwa ghala la mtu, juu kidogo ya kituo cha mabasi. Madirisha hayana vioo. Wameyaziba kwa turubai la buluu la mashirika ya misaada, kwa hiyo darasani sote tuna sura za watu waliozama. Nimeandikishwa uhazili. Pamoja na kupiga taipu kuna somo la lazima, Mawasiliano na Kusema Hadharani, kila Jumanne na Alhamisi.

Baba alifundisha shule ya msingi Karagwe miaka yote tuliyokuwa wakimbizi Tanzania. Ni yeye aliyenizoesha kuandika shajara kila muhula, kwa Kiswahili safi. Huu ni muhula wangu wa kwanza katika nchi ambayo nimeambiwa tangu utoto kuwa ni yangu. Natumaini nitajifunza kusema mbele ya watu mpaka wasikilize. Sitaandika tumaini hilo tena, maana tumaini likirudiwarudiwa linakuwa la kitoto.

Jumanne, 4 Oktoba

Mwalimu wa Mawasiliano ni Bwana Zephaniah. Amekulia Mbarara, Uganda, ambako alikuwa mwenyekiti wa klabu ya midahalo, na kufikia saa nne alikuwa ametukumbusha jambo hilo kila alipopata nafasi. Anavaa suti ya kahawia iliyokatwa kwa ajili ya mtu mnene zaidi. Mezani ameweka kengele ya baiskeli. Mwanafunzi akisema "eeeh" katikati ya hotuba, anaipiga.

"Watu ya hapa hawajui kusema," alituambia. "Mdomo iko, sauti iko. Lakini sauti inaenda wapi? Inaenda chini, kwa viatu. Mimi nitapandisha sauti yenu mpaka kwa ule ukuta wa mwisho."

Ukuta wa mwisho una tundu. Sauti yake ilipita hapo ikaenda kituo cha mabasi, na huko pia hakuna aliyeijali.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo tulijitambulisha, kila mtu dakika moja.

Pretty amekulia Kampala. Anasema kwa ujasiri mkubwa mambo ambayo hayapo. Aliongea kuhusu malengo yake, na ukiyakamua maneno yake yote hupati tone.

Audace amekulia Bujumbura, na anaongea kama anayepaka manukato. "Wapendwa wenzangu, ndugu zangu wa damu na wa kalamu..." Kengele haikumpata, maana yeye hasemi "eeeh", anafumba macho tu.

Halafu Pudentienne. Siku hizi mtu ukikutana naye unamuuliza ametoka wapi, na atakujibu Burundi, au Uganda, au Tanzania. Wengine hujibu, "Nilikuwa hapa," na mazungumzo yanaishia hapo. Pudentienne alikuwa hapa. Alisimama, akakiweka kiganja mdomoni, akataja jina lake akiiangalia sakafu, akakaa. Dakika nzima ikabaki mikononi mwa mwalimu kama chenji asiyojua ni ya nani.

Nimelipia karo ili nikae na watu hawa.

Jumanne, 11 Oktoba

Mvua. Turubai linapiga makofi kuliko darasa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Zoezi la kutazamana machoni. "Kiongozi anatazama mtu kwa macho!" alipiga kelele Bwana Zephaniah. Nilipangwa na Pudentienne. Nilimtazama mpaka macho yakatoka machozi, naye akatazama kifungo changu cha pili. Nadhani sasa anakijua vizuri.

Jioni Kaka Gakwaya alikuja kunichukua kwa sababu ya mvua. Kaka ni dereva wa shirika moja la Wazungu. Gari lina bendera mbele, naye anaendesha kana kwamba bendera ameishona yeye. Pudentienne alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, tukamchukua na kumfikisha mtaa wa Gitega, humu humu mjini, ambako amepewa chumba uani kwa mzee mmoja jirani yao wa zamani. Njia nzima hakusema neno.

Alipokwisha kushuka kaka akasema, "Yule msichana anaongea vizuri sana."

Kaka yangu ni mjinga. Tangu Mama afariki nyumba yetu ina watu watatu na akili moja, na hiyo akili inapika pia.

Alhamisi, 20 Oktoba

Somo la leo: namna ya kukataa bila kumuudhi mtu. Bwana Zephaniah aliandika ubaoni hatua zake. Kwanza unamshukuru anayeomba. Pili unaonyesha kwamba umemwelewa. Tatu unakataa, lakini ukitabasamu. Akatuambia tumkatalie yeye, akijifanya bosi anayetaka tufanye kazi Jumapili.

Pretty alishukuru sana hata akasahau kukataa. Audace alikataa kwa maneno mazuri kiasi kwamba mwalimu alidhani amekubali. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Jumapili ni ya Mungu, na wewe hujafikia cheo chake."

Darasa likacheka. Bwana Zephaniah hakucheka. Amenipa alama mbili kwa kumi, na ameandika: "Dharau." Kwa nje nilikuwa mtulivu kabisa. Lakini nilitaka ile kumi.

Pudentienne alicheka pia. Nilimwona. Alikiweka kiganja mdomoni lakini mabega yalimsaliti.

Jumanne, 25 Oktoba

Kaka anakuja kunichukua hata siku za jua.

Jumapili, 30 Oktoba

Leo baada ya kula kaka amemwambia Baba kwamba anataka kuoa. Nilijua atamtaja nani kabla hajafungua mdomo. Siku hizi watu wanaoana haraka kama wanaokimbilia basi la mwisho.

Baba aliuliza, "Mtoto wa nani?"

"Wa Silvère. Alikuwa mpimaji wa ardhi. Walikaa Gitega."

"Nani amebaki?"

"Yeye."

Baba aliinamisha kichwa. Alipokiinua akasema ni jambo jema na la heshima, na kwamba lazima lifanyike kwa desturi yote, si kama wanavyofanya vijana wa sasa wanaohamiana tu na godoro. Kisha akauliza ni nani atakayekuwa msemaji wetu, kwa sababu yeye mwenyewe baba wa kijana hawezi kujiombea. Kaka akaninyooshea kidole, akasema, "Mwalimu wa Mukunde. Si anafundisha kusema?"

Nilikwenda kuosha vyombo. Nilivigonga kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Jumapili, 6 Novemba

Leo tumeshika lango. Ndivyo inavyoitwa kwa Kinyarwanda ile ziara ya kwanza, kabla ya siku yenyewe ya kuomba, yaani gusaba. Unakwenda na pombe, unabisha hodi kwa familia ya msichana, unasema umeona ua mzuri na ungependa kushika lango lake. Wenyeji wanajifanya hawaelewi. Wanauliza ua gani, lango gani, wanasema mmekosea njia. Mnarudi nyumbani mkiwa hamna uhakika, na hapo ndipo heshima ilipo.

Tulikwenda Baba, Kaka, Bwana Zephaniah na mimi niliyebeba kikapu. Yule mzee aliyempa Pudentienne chumba anaitwa Mzee Eustache. Ni fundi cherehani, na Jumapili anasoma masomo kanisani. Alitupokea uani, akatukalisha kwenye benchi, na Pudentienne akaleta Fanta kwenye sinia.

Bwana Zephaniah alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema ana hoja tatu. Alianza na kichekesho chake cha mwanasheria na mbwa, kile anachokisimulia darasani. Hoja ya kwanza ilikuwa haijafika mwisho wakati Mzee Eustache alipoanza kulia.

"Mchukueni tu," alisema. "Mchukueni, watoto yangu. Maskini huyu hana mtu. Hana baba, hana mama, hana nani. Mungu atawabariki nyinyi sana."

Baba naye akatoa leso. Bwana Zephaniah alibaki na hoja mbili mkononi, akazikalia. Kaka alitazama miguu yake kwa furaha. Mimi, nikiri, niliona ni nafuu, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na kikapu kilikuwa kitupu tayari.

Nilipoinua macho nilimwona Pudentienne. Aliweka sinia chini, polepole, bila kumwaga hata tone. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Tulidhani ni haya.

Jumatano, 9 Novemba

Haolewi. Kaka amerudi kutoka Gitega na uso kama tairi lililotoboka. Pudentienne amemwambia hivi, na kaka amerudia neno kwa neno, kwa sababu hajui kuongeza wala kupunguza: "Mbuzi aliyeokotwa njiani ndiyo wanamchukua hivyo. Nenda. Mimi siko mbuzi ya njia."

Baba hakuelewa. "Tumepewa kwa moyo mweupe! Anataka nini zaidi?"

Bwana Zephaniah aliyekuja kupata habari alisema mawasiliano yamekatika kati ya mtoa ujumbe na mpokeaji. Alichora mishale ya huo ujumbe kwa kidole kwenye kitambaa chetu cha meza.

Kwanza niliandika hapa kwamba ni maringo, mtu asiye na chochote akiringa. Sifuti, lakini naongeza. Nimeikumbuka arusi ya binamu yangu kule Karagwe. Wajomba zake walimkatalia yule kijana mchana kutwa. Walisema binti kaenda Mwanza kusoma. Wakasema ni mtawa. Wakasema pua ya kijana itaharibu ukoo. Msemaji wa upande wa pili alitoka jasho mpaka shati likamgandia, na binamu alikuwa nyuma ya mlango na sisi, akicheka huku akiuma khanga asisikike. Alikuwa anasikia bei yake ikipanda, na si ya fedha.

Pudentienne alisikia nini Jumapili? Alisikia kwamba hana mtu, mbele ya watu, kutoka kwa mtu wake mwenyewe. Na sisi tukasema amina.

Jumanne, 15 Novemba

Amerudi darasani. Kengele ilimlia mara moja, akaiangalia mpaka mwalimu akaisogeza.

Alhamisi, 17 Novemba

Lazima niandike yote kwa mpango.

Wakati wa mapumziko mvua ilishika, tukabaki chini ya ukingo wa paa, mimi na Pudentienne tu. Nilitaka kumwambia jambo la heshima kuhusu kaka na sikulipata. Yeye akaanza.

"Mukunde, wewe unajua kudharau watu."

"Mimi?"

"Wewe. Mwalimu unamdharau. Pretty unamdharau, ile Audace pia. Mimi unanidharau tangu siku ya kwanza. Si naona? Unatazama mtu kama nguo ya mtumba, unatafuta wapi imetoboka."

Nilisema "eeeh" nyingi kiasi kwamba mwalimu wetu angepiga kengele yake mpaka ikatike.

"Sikasiriki," aliendelea. "Ni kazi nataka kukupa. Nataka unidharaulie Gakwaya."

"Kaka yangu?"

"Mbele ya watu. Siku ya gusaba. Kwetu ingekuwa Viateur, ndugu mdogo ya baba. Yeye alikuwa na mdomo! Mchumba ya dada yangu, Viateur alimfukuza mara tatu, mara ya tatu alimwambia arudi na viatu ya rangi moja. Sasa iko nani? Mzee Eustache ananihurumia. Padri ananihurumia. Baba yako alilia mpaka kwa leso. Kila mtu akiniona mimi anaweka kichwa hivi, kando." Aliweka kichwa kando, na kwa kweli alifanana nao wote. "Wewe peke yako huna huruma na mimi."

"Si kweli," nilisema.

"Ni kweli. Usiiharibu."

Nikamwambia mimi ni wa upande wa kuomba, na ni msichana, na hakuna gusaba duniani iliyowahi kusemewa na msichana. Akajibu kwamba wachumba wasipokataliwa kwanza yeye haolewi, na kwamba anampenda Gakwaya, hiyo ndiyo shida yenyewe. Alisema neno hilo akiwa ameiangalia mvua. Kisha kengele ya darasa ikalia tukaingia.

Nimekaa na hasira mpaka jioni. Mtumba! Halafu nikajikuta nazipanga kasoro za kaka kichwani, kwa uzito.

Jumapili, 20 Novemba

Nimemwambia Baba. Aliweka kijiko chini.

"Mtoto wa kike hasemi kwenye gusaba. Na tena dhidi ya nyumba yake!"

"Baba, wewe umenifundisha kwamba jambo likifanywa lifanywe lote."

"Nilikuwa nafundisha insha."

"Wasipopata wa kukataa, hatutakuwa na wa kuombwa."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, anakula akiwa amesimama kama kawaida yake. "Baba," alisema, "mwache anitukane. Ananitukana bure kila siku."

Baba alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Aliporudi alisema hivi: nikienda upande ule, basi nikae upande ule kikamilifu. Siku hiyo nisije kutoka nyumbani kwake, nisipande gari la kaka, nisimwite Baba. Sijui kama hiyo ilikuwa adhabu au ruhusa. Nimeichukua kama ruhusa.

Jumanne, 22 Novemba

Bwana Zephaniah amesikia. Alinikuta koridoni akasugua mikono. "Kwa hivyo mimi na wewe, hadharani! Uje na hoja, uje na hoja." Alifurahi kama mtu aliyealikwa mechi. Nilitarajia atakasirika. Inachosha kumdharau mtu asiyekasirika.

Alhamisi, 1 Desemba

Siku zote za mwisho wa wiki niko Gitega. Pudentienne ananiigizia Viateur, anavyotembea, anavyosafisha koo kabla ya kumwaga sumu. Hapo sauti yake inapanda na kufika barabarani, wauza maembe wanageuka. Darasani bado anaongea na sakafu. Nilimuuliza kwa nini, akasema darasani hakuna mtu anayestahili. Na mimi nilidhani dharau ni yangu peke yangu.

Shida yetu ni benchi. Upande wa msichana unahitaji shangazi, wajomba, binamu, watu wa kuguna na kucheka msemaji anaposhambulia. Tuna mimi, Mzee Eustache na mke wake. Ilibidi niseme darasani. Nilisimama mbele nikaomba, bila kutabasamu, na nilisema "eeeh" mara nyingi. Kengele haikulia.

Pretty akauliza, "Shangazi anavaa nini?" Audace akasimama, akafumba macho, akasema atakuwa mjomba yeyote tutakayemhitaji. Darasa zima linakuja.

Jumanne, 6 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimekariri majina ya baba zake mpaka babu wa babu. Pudentienne alinifundisha taratibu, jina baada ya jina, na hakuna aliyetaja zaidi ya majina.

Jumamosi, 10 Desemba, na Jumapili asubuhi

Nililala Gitega tangu Ijumaa, kama Baba alivyoagiza. Uani palitandazwa majani, maturubai mawili yakafungwa kwenye miti na ukuta, mabenchi yakaazimwa kanisani na kupangwa yakitazamana. Pretty alikuja amevaa mshanana, vazi la sherehe linalofungwa begani, la zambarau, lililoazimwa kwa mtu mrefu zaidi, akakaa mbele kabisa na kukunja midomo kama shangazi aliyezaa tisa. Sijui amejifunza wapi. Nilikuwa nimemwona muhula mzima na sikujua kwamba anaweza kukaa kimya kwa namna hiyo, kimya chenye kuogopesha.

Upande wa kuomba walifika kwa gari la kaka, na wazee wawili wa Karagwe ambao Baba aliwaita. Walipoona kiti cha msemaji wetu kimekaliwa na mimi, wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Hawa wametuletea mtoto wa kike?"

Mzee Eustache aliinuka. Niliogopa atalia. Hakulia. Alisema kwa Kinyarwanda kizuri cha kanisani, "Mkubwa wa upande huu ni mimi. Mara ya kwanza nilisema mwenyewe, nikakosea. Leo mdomo wangu ni huyu. Asiyetaka kumsikia, lango analijua." Akakaa. Wazee wa Karagwe wakaomba mirija ya pombe.

Yaliyofuata yalisemwa kwa Kinyarwanda, nayaandika kwa Kiswahili.

Bwana Zephaniah alisimama. Safari hii hakusimulia habari za mwanasheria na mbwa. Alisalimu vizuri, akasema wametoka mbali, wameona katika ua huu msichana anayeitwa Pudentienne, na wamekuja kumwomba awe mke wa Gakwaya.

Nilisafisha koo kama Viateur. "Karibuni. Mmepotea. Kama mnatafuta mkaa, unauzwa kona ile."

Benchi letu likacheka. Nilihisi kicheko hicho mgongoni kama mkono.

"Hatukuja kununua mkaa," alisema Bwana Zephaniah.

"Mnaonekana kama mngeuhitaji. Lakini mmesema Pudentienne. Huyo tumeshampeleka utawani."

"Tumepita utawani. Masista wamesema hawamjui."

Hilo sikulitarajia. Kwanza nilimkodolea macho, kisha nikaona anafurahi, na kwamba anaijua kazi hii. Mtu anayechosha kiasi kile darasani alikuwa amekuja amejiandaa.

"Masista hawasemi siri kwa watu wasiojulikana," nilijibu. "Huyo kijana wenu, ana nini?"

"Ana kazi. Ni dereva wa shirika kubwa."

"Gari si lake. Bendera si yake. Mkimnyang'anya funguo, mnatuletea nini hapa? Miguu miwili."

"Ana tabia njema."

"Tuna mtu wetu aliyekaa naye nyumba moja tangu utoto. Anasema kijana huyu anakula amesimama, kama punda. Anasema akiimba, majirani wanatoa nguo kambani wakidhani mvua inakuja. Anasema msichana akikaa kimya njia nzima, yeye anasema ameongea vizuri. Sisi tutampaje binti yetu mtu asiyejua kama ameambiwa kitu au hajaambiwa?"

Hapo hata wazee wa Karagwe walicheka. Kaka alifunika uso. Nyuma ya mlango wa chumba nilisikia mtu akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Na ukoo," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimeshapanda na sikuona ngazi ya kushukia. "Tumesikia baba yake ni mwalimu. Tunaogopa. Binti yetu atasalimu asubuhi, na salamu itarudishwa ina alama nyekundu."

Baba alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye hajui bado kama atampiga au atampa zawadi. Kisha alitoa leso na kufuta midomo, na akaiacha leso pale kwa muda mrefu.

Tulikwenda hivyo mpaka mvua ikaja na kupita. Bwana Zephaniah aliomba kwa heshima, akaomba kwa mafumbo, akaomba kwa ng'ombe wa Karagwe ambao alituelezea pembe zao moja moja. Alitoka jasho. Shati lilimgandia. Audace aliinuka bila kuitwa, akajitambulisha kama mjomba kutoka Bujumbura, akasema ndoto imemwonya kuhusu pua ya kijana. Sikumfundisha hilo. Mwishowe benchi letu lilikuwa linakataa lenyewe, na mimi nilikuwa nalizuia.

Ndipo Bwana Zephaniah akasema kile kinachosemwa mwisho. "Tumekataliwa vya kutosha. Tunajua sasa kwamba huyu si mtoto wa kuokotwa. Tunaomba mtuambie ni nani anayetupa, ili tujue tumshukuru nani."

Nilisimama. Majina nilikuwa nayo yote. Nilianza kwa babu wa babu, nikashuka. Nilipofika kwa babu nikasema Nzeyimana, sauti bado nzuri. Nikasema Silvère, baba yake. Nikasema mama yake na dada yake. Nikasema Viateur, baba mdogo, ambaye angewafukuza mara tatu.

Na sauti ikaisha. Si kwamba nilisahau neno linalofuata. Neno ni moja tu na kila mtu pale alilijua. Lakini niliona kwamba nikilisema litakuwa limesemwa na mimi, mtoto wa Karagwe, badala ya wote wale, na sikuona ni kwa haki gani. Nilisimama na mdomo wazi mbele ya ua mzima. Hakuna aliyeguna. Bwana Zephaniah, mtu wa kengele, alisimama mbele yangu mikono ikiwa nyuma na akangoja. Hakuniharakisha hata kwa jicho. Angengoja mpaka Krismasi.

Kutoka nyuma ya mlango Pudentienne akasafisha koo. Kama Viateur, vilevile kabisa.

"Viateur amenituma," nilisema, "niwaambie kwamba kijana hafai. Lakini binti kasema anamtaka, na katika nyumba yetu binti husikilizwa. Tumewapa."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Pretty alilia na kuharibu ushangazi wote. Mlango ulifunguliwa, Pudentienne akatoka katika mshanana mweupe, kichwa juu, akapita katikati ya mabenchi polepole kama mtu mwenye ukoo mrefu.

Baba alivuka ua. Alikuja kwangu, akanipa mkono wa kulia na kushika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, kama anavyosalimiwa mkubwa. "Bamwana," alisema. Ni neno ambalo wazazi wa pande mbili huitana. "Bamwana, mmetutesa. Tunashukuru."

"Tulikuwa tumeanza tu," nilimjibu, na sikumwita Baba.

Walipokuwa wanaondoka, kaka alinifungulia mlango wa gari kwa mazoea. Nilimwambia upande wa msichana hauondoki na wachumba. Alibaki ameshika mlango kidogo, halafu akaufunga kwa adabu, na akaniaga kwa kuinamisha kichwa.

Tukabaki sisi wa benchi letu, na vikombe. Wengine walipokwisha kutawanyika tukakaa na Pudentienne barazani kuvikausha. Alikuwa amevua mshanana na kuvaa khanga.

"Umebakiza maneno?" aliuliza.

"Kuhusu kaka? Nimebakiza nusu nzima."

Aliweka kitambaa chini, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akaegemea ukuta.

"Sema basi, dada," alisema. "Na usimwachie kitu."